Feni Isiyozunguka

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Binti yetu anarudi Jumamosi. Miaka minne ughaibuni! Nitampokea mimi uwanjani, kwa gari langu mwenyewe, kama nilivyompeleka. Jambo hili halina mjadala.

Mjadala ulianza jioni. Nilikuwa nikimrudisha mke wangu kutoka sokoni, tukanaswa kwenye foleni ya makutano ya posta. Mshale wa joto ukapanda hadi kwenye wekundu. Mvuke ukafuka kwenye boneti. Mke wangu akateremka na kapu lake, akasema hakuja kuchemshwa. Nilimweleza kwamba gari lina kiu tu. Tulingoja lipoe, nikalinywesha maji, likatufikisha nyumbani kwa manung'uniko.

Bahati mbaya, kaka yake mke wangu alikuwa barazani akinywa chai yangu. Shemeji huyu ana gari la aina moja na langu, ila jipya zaidi, tena lenye kiyoyozi kizima. Alilitazama gari langu, akatabasamu. "Shemeji, wewe pumzika. Mtoto nitampokea mimi."

Mke wangu akatoa hukumu. Gari likipona kabla ya Jumamosi, nitakwenda mimi. Lisipopona, kaka yake. Hakuna rufaa.

Jumanne, tarehe 5

Uchunguzi. Niliwasha injini gari likiwa limesimama uani, nikangoja. Mshale ukapanda. Feni ya rejeta, ambayo kazi yake ni kuvuta hewa gari linaposimama, haikutikisika. Nilizima injini, nikaisukuma feni kwa mwiko. Ikazunguka bila kukwama. (Mwiko ni wa mke wangu. Nimeuosha. Nadhani.)

Nilimwita fundi wa mtaani, anayejiita Daktari. Alikuja akiongea na simu, akapiga teke tairi, akasema injini yote ishushwe. Nilimwambia tatizo ni feni. "Mzee wangu, feni ni dalili tu." Alitaka gari likalale kwake hadi wiki ijayo. Nikamwonyesha lango.

Mimi na feni tutaelewana wenyewe.

Jumatano, tarehe 6

Nimesoma kitabu cha gari tangu kifungua kinywa. Kisha nikapeleka nyaya mbili kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye feni. Ikavuma! Mota, basi, ni nzima. Nikachomoa fyuzi, nikaitazama kwenye mwanga. Haikuungua. Ikabaki rilei, kijisanduku cheusi mfano wa kiberiti, ambacho huufungulia umeme njia ya kwenda kwenye feni.

Rilei ziko kadhaa chini ya boneti, zimepangwa safu moja, zote zinafanana kama mapacha. Nikaichomoa ya honi, nikaiweka mahali pa ile ya feni. Injini ilipopata joto, feni ikaamka yenyewe. Nilipiga ukelele wa furaha. Mke wangu alikuja mbio akidhani nimeungua. Alipoona sikuungua, akarudi ndani.

Sasa feni inazunguka, lakini honi ni bubu. Mke wangu amekataa. Hapandi gari lisiloweza kumwambia mtu apishe. Akauliza kwa nini nisinunue rilei mpya. Swali la mtu asiyejua siasa! Duka la vipuri hapa ni moja, na Shemeji hushinda kwenye benchi la duka hilo akicheza drafti. Nikinunua rilei asubuhi, mchana ukoo mzima utakuwa na habari, tena ikiwa imetiwa chumvi.

Alhamisi, tarehe 7

Mpango!

Shemeji alikuja kunywa chai, kama ilivyo kawaida yake ya Alhamisi, ambayo haitofautiani na kawaida yake ya siku nyingine. Akaegesha gari uani, akaacha funguo mezani. Nilimwomba mke wangu amwonyeshe kaka yake albamu ya picha za binti. Ile nene. Nikatoka na funguo.

Sikuiba. Mwizi huchukua, mimi nilibadilisha. Rilei yangu mbovu nikaichomeka mahali pa honi ya Shemeji, ile nzima yake nikaileta kwangu. Tena nilichagua honi kwa huruma. Mtu mkorofi angegusa feni. Kwenye gari langu, rilei ya honi ni ya pili kutoka kushoto. Sikuwa na haja ya kuhakikisha kwenye lake; magari haya ni ndugu.

Niliporudi sebuleni walikuwa bado kwenye picha za shule ya msingi. Shemeji akaniuliza mbona nahema. Nikasema ni kumbukumbu.

Ijumaa, tarehe 8

Ukaguzi rasmi. Honi ilimrusha paka wa jirani juu ya ukuta. Feni ilizunguka kwa wakati wake. Mke wangu akatikisa kichwa kukubali. Nimeshinda!

Jioni Shemeji alipita. Akapiga honi langoni, ndefu, kama afanyavyo siku zote. Nilishangaa kidogo. Labda gari lake lina honi mbili. Watu wengine wamejaliwa kila kitu.

Alipoambiwa kwamba gari langu limepona, alisema atakuja uwanjani vilevile na lake, kwa dharura. Nilimjibu kwa heshima kwamba barabara ni ya serikali.

Jumamosi, tarehe 9

Binti alitoka akisukuma toroli la masanduku. Alinikumbatia mimi kwanza. Naliandika hili kwa sababu nyumba nzima imelisahau.

Masanduku yakajaza gari langu hadi madirishani. Binti na mama yake wakaingia kwa Shemeji, penye kiyoyozi. Mimi nikabaki na mizigo. Sanduku kubwa nililiketisha kando yangu, nikalifunga mkanda.

Wao walitangulia. Kwenye makutano ya posta, palepale, nikawakuta kando ya foleni. Mvuke. Binti juani, akijipepea kwa pasipoti. Shemeji akilizunguka gari kama aliyepoteza mbuzi. Hapo ndipo nilipoielewa honi ya jana. Kumbe kwenye gari lake, ya pili kutoka kushoto ni ya feni.

Nilipendekeza kwa upole kwamba mizigo ihamie kwa Shemeji na binti aje kwangu. "Baba! Tumwache mjomba barabarani?" Mtoto amelelewa vizuri kupita kiasi. Lawama ni za mama yake.

Basi nikasema itakuwa rilei ya feni. "Shemeji, hata boneti sijafungua," akasema Shemeji. Nikamjibu kwamba mtu mzoefu hunusa. Tulingoja injini ipoe. Nikachomoa rilei ya honi kwenye gari langu, nikainama kwenye lake, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye nafasi ya pili kutoka kushoto. Binti akapiga makofi. Akasema hakujua baba yake ni fundi. Nilivimba.

Kisha Shemeji akanishika mkono. Ubavuni mwa rilei niliyoishika palikuwa na nukta ya rangi ya kijani. Kumbe Shemeji hapati usingizi kwa kuwashuku mafundi, na hivyo ametia nukta ya kijani kwenye kila kifaa cha gari lake! Alinionyesha kimoja kimoja, bila haraka. Betri, kijani. Mfuniko wa rejeta, kijani. Rilei zote, kijani, isipokuwa moja.

"Shemeji," akasema, "mafundi nimewaonea bure."

Binti alicheka hadi akaketi kwenye ukingo wa barabara. Mke wangu hakucheka. Aliniita "Baba watoto", kwa sauti ya chini. Ya juu nimeizoea. Ya chini ndiyo mbaya.

Nilirudi nyumbani na masanduku, bila honi. Yalinyamaza njia nzima. Nilishukuru.

Jumapili, tarehe 10

Nyumba imejaa wageni. Shemeji amekisimulia kisa kwa kila aliyeingia. Katika masimulizi ya mchana nilikuwa tayari nimeiba injini. Nimeomba radhi. Amenisamehe kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Mke wangu ameniapisha mbele ya watu kwamba sitafungua boneti ya gari la kaka yake maisha yangu yote. Nimeapa, na kiapo ni kiapo.

Baadaye binti alinifuata barazani, akaketi karibu nami. Alisema kesho atakwenda kumwamkia shangazi yake, safari ndefu, na angependa nimpeleke mimi. Sisi wawili tu. Mjomba alijitolea, naye amemkatalia. "Nimekukumbuka, Baba. Hata na vituko vyako." Nilisema kuna vumbi barazani. Akakubali kwamba lipo.

Alipokuwa akiinuka, akasema amesahau jua la huku lilivyo kali.

Kali! Mtoto ataungua njia nzima. Kiyoyozi changu hakijapuliza hata pumzi tangu yeye aondoke. Nimefungua kitabu cha gari kwenye ukurasa unaohusika. Yaelekea ubovu uko kwenye swichi tu. Shemeji ameshiba, amelala kochini, mdomo wazi. Funguo ziko mezani. Nitairudisha kesho jioni kabla hajaiulizia.

Na kiapo kiko palepale. Swichi ya kiyoyozi haiko chini ya boneti. Iko ndani, kwenye dashibodi.