Malalamiko Kuhusu Gigabaiti Arobaini na Nane Zilizofichwa

Muharram Bey, Aleksandria
Septemba 2003

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa Matatizo ya Kompyuta,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, mwanafunzi wa uzamili, na hadi wiki iliyopita nilijiona mtu mwenye akili timamu.

Tasnifu yangu inahusu sauti za wachuuzi wa mitaani. Tangu majira ya joto narekodi kutoka roshani yetu: muuza nyanya, mnunuzi wa vyombo vikuukuu, muuza sharubati ya urukususu, ule mzizi mtamu, na matoazi yake. Sauti hula nafasi, kwa hiyo nilinunua diski kuu ya gigabaiti themanini, nikaifunga mwenyewe kwenye kompyuta ya zamani ya kaka yangu Hatem. Kompyuta inaona thelathini na mbili tu. Nimeizima, nimeiwasha, nimeisomea Bismillahi. Thelathini na mbili.

Jumapili natakiwa kukabidhi Sura ya Kwanza, la sivyo jina langu litafutwa chuoni. Bila nafasi siwezi kukamilisha rekodi, na bila rekodi kamili siwezi kuandika hata sentensi moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuna mhandisi mahali fulani ambaye aliamua kwamba binadamu hatahitaji zaidi ya hapo. Ningependa kujua alikuwa akimfikiria binadamu gani. Mimi hakuniuliza.

2. Bwana Wagdi, aliyeniuzia diski, hakuifungua hata mashine. Alisikiliza umri wake tu, akacheka. "Diski ni nzima kabisa, daktari. Hicho kikongwe chako ndicho hakioni mbali. Kinunulie miwani!" Wateja wote wakageuka. Mimi si daktari, na kwa mwendo huu sitakuwa.

3. Mama.

Mama anataka meza ya kompyuta aweke televisheni. Nilipomweleza kwamba bado sijamrekodi muuza nyanya siku ya mvua, aliweka chini kisu cha mboga. "Ee Mola wangu! Mvua yenyewe mpaka Desemba! Nyanya ni nyanya, Rihab. Andika, mwanangu, tupumue." Siku hizi akimsikia mchuuzi huchungulia dirishani na kumwambia apite kimya, binti yake amejaa sauti tayari.

4. Hatem anasema mashine imenifuata tabia: ina nafasi tele, lakini ikifika mahali inagoma na kuwalaumu waliotengeneza.

5. Profesa wangu, Dokta Mervat, aliniita ofisini na kufunga mlango. "Binti yangu, mimi sikukuomba mji mzima wa Aleksandria. Nimekuomba kurasa ishirini. Unaogopa nini?" Nilimjibu kwamba siogopi, nina tatizo la kiufundi.

Basi naomba, kwa heshima zote, jarida lenu liuandikie uongozi wa kitivo changu. Thelathini na mbili ni sehemu mbili kati ya tano za themanini, kwa hiyo ni haki nidaiwe sehemu mbili kati ya tano za Sura ya Kwanza. Na kwa kuwa kichwa cha mwandishi nacho ni cha muundo wa zamani, hiyo nayo igawanywe kwa kipimo kilekile, na kuendelea, mpaka ifikie kiasi nilichokwisha kuandika, yaani kichwa cha habari. Kisha nipewe shahada yangu, na yule mhandisi aje kwenye sherehe aniombe radhi.

Nisalimieni mafundi wenu, wapiga chapa, na yeyote anayewapikia chai. Mama anawasalimu pia na kuuliza kama mnanunua meza.

Wenu katika ufinyu,
Rihab Tolba

N.B. Nilifungua mashine nitoe diski niwatumie kama ushahidi. Nyuma yake, kando ya waya, nikaona kikofia cha plastiki kimekaa juu ya pini mbili ndogo. Nilikiweka mwenyewe. Karatasi ya maelezo ilisema kiwekwe ikiwa mashine ni ya zamani mno na inashindwa na diski kubwa. Kazi yake ni kuifanya diski ijitaje kuwa ndogo. Sikuijaribu kwanza bila kikofia. Niliitazama tu mashine, nikaamua haiwezi.

Nimekitoa. Themanini, zote. Mashine haikulalamika hata kidogo.

Nilikaa mbele yake, mikono mapajani. Kisha, Ndugu Mhariri, nikaamua kukirudisha kikofia hadi Jumapili ipite. Lakini kilikuwa kimedondoka chini ya meza, na Mama alishakifagia pamoja na maganda ya mbegu za tikiti. "Kidude kama punje ya mchele? Nikiikagua kila punje, nyumba hii nitaifagia lini?"

Nimepekua taka yote. Hakipo. Tafadhali msiichapishe barua hii, Dokta Mervat ni msomaji wenu. Chini huko anapita muuza nyanya, na kinasa sauti nimekizima. Nina sentensi ya kwanza.