Mtaalamu Gervas na Grafu Iliyorudi Kinyumenyume

Milima ya Uluguru imeshinda wengi, lakini mtu aliyeshindwa na mchoro wa kijito mpaka akaanza kuufokea ukuta ni mmoja tu, na nilizaa naye watoto watatu!

Jina lake Gervas. Mwenyewe hupenda uanze na "Mtaalamu". Miaka minne iliyopita alipata laptopu ya mtumba Morogoro mjini, na tangu siku hiyo haongei tena na watu, anawaeleza. Mimi aliniacha kwa meseji. Aliandika kuwa anahitaji mwenza wa kiwango chake. Neno "kiwango" alilikosea herufi, lakini nilimwelewa.

Mwaka huu akarudi kijijini kwetu, huku juu ya Matombo, kwa sababu huyo wa kiwango chake naye alipata wa kiwango chake.

Akaikuta kamati ya maji kwenye mgogoro. Bomba letu linalishwa na kijito, na hufunguliwa kwa muda mfupi tu kila siku. Wakulima wa nyanya wakishawasha pampu zao, kijito kinanywea, na sisi tunaokaa mwisho wa bomba tunakinga upepo kwenye ndoo. Kamati ilitaka kujua maji yanajaa wakati gani, ili bomba lifunguliwe wakati huo.

Aliyepima ni mimi. Nilichomeka ufito wenye alama katikati ya kijito, nikashinda pale kutwa nzima. Kila saa naingia majini, natazama yamefika alama ya ngapi, naandika kwenye daftari. Nilianza saa kumi na mbili asubuhi, nikamaliza saa kumi na mbili jioni. Miguu yangu ilikunjamana kama ndizi iliyosahaulika guniani!

Gervas akaja na tabasamu lake la zamani.

"Lete hilo daftari, Mama Winfrida. Nina programu ya hesabu humu. Nikiingiza namba zako, inachora grafu yenyewe."

"Na aliyepima atatajwa?"

"Kwa herufi kubwa!"

Siku ya mkutano tulijaa ofisi ya kijiji. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, projekta ikawashwa, na kweli herufi kubwa zikatokea: UTAFITI WA MTAALAMU GERVAS.

Kumbe yale maji baridi yalikuwa yanamfika yeye!

"Ndugu wananchi," akaanza, koti limefungwa vifungo vyote, "huu ni utafiti wangu mwenyewe. Nimeufanya kwa jasho." Kila mtu alijua anataka ukatibu wa kamati, ule wenye ufunguo wa bomba na pikipiki. Akabonyeza. "Tazameni grafu!"

Tukatazama. Mstari ulianzia juu kabisa upande wa kulia, ukarudi kinyumenyume mpaka kushoto, kisha ukakata kona, ukashuka bondeni, ukapanda kidogo na kuishia kulia tena. Ilikuwa kama sufuria iliyofunikwa na kifuniko kilichopinda.

"Hicho kijito kinarudi mlimani?" akauliza Maimuna, muuza vitumbua, ambaye mdomo wake hauna breki.

Watu wakacheka. Gervas akacheka pia, lakini kwa meno ya mbele tu.

"Ni tatizo dogo la kiufundi. Kioo kinavuta vumbi."

Akafuta kioo cha laptopu kwa tai. Mstari uko palepale. Akasema ni waya wa projekta, akauchomoa na kuuchomeka mara tatu. Akasema shuka limekunjamana, likanyooshwa na wanaume wawili, huku na huku, kama wanaanika mpunga. Akabadilisha rangi: mstari mwekundu ukawa wa kijani, ukaendelea kurudi kinyumenyume. Akazima laptopu, akaiwasha. Tukasubiri, tukaimba wimbo mmoja wa kanisani na qaswida moja ili pasiwe na upendeleo.

"Ni virusi," akatangaza. "Vya nje ya nchi."

"Pole, Mtaalamu," akasema Maimuna. "Vimekuja na ndege au na basi?"

"We ukuta nawe simama vizuri!" Gervas akafoka, maana projekta ilikuwa imeteleza. Naapa, aliufokea ukuta!

Tatizo nililiona mapema, kwa sababu siku ile niliiishi saa kwa saa. Lakini mwanamke aliyeachwa kwa meseji huwa hana haraka.

Mwishowe Gervas akapata dawa. Akafuta mistari yote, zikabaki nukta tupu. Jasho likamkauka.

"Haya! Mnaona? Huku kulia ni mwisho wa siku, saa kumi na mbili. Na nukta ya juu kuliko zote iko hapohapo. Kwa hiyo kisayansi, maji hujaa jioni. Bomba lifunguliwe jioni!"

Mwenyekiti wetu, Mzee Salehe, akashusha pumzi ya kuchoka. "Wanaokubali bomba lifunguliwe jioni wanyooshe mikono."

Mikono ikaanza kupanda. Jioni! Jioni pampu za nyanya zimenyonya kijito mpaka vyura wanatembea kwa miguu! Kwa mtindo huo tungekinga upepo mwaka mzima. Nikasimama.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Winfrida. Sema."

"Naomba kumuuliza Mtaalamu. Hapo kwenye saa kumi na mbili naona nukta mbili, moja juu na moja chini. Ipi ya asubuhi na ipi ya jioni?"

Gervas akalitazama shuka. Akaitazama laptopu. Akatazama dari.

"Ya juu ni ya jioni. Maji hupanda giza likiingia. Ni mvutano."

"Mvutano wa nani?"

"Wa... wa kisayansi."

"Wewe si ndiye uliyepima? Ulipoingia majini alfajiri, yalikufika wapi?"

"Mguuni," akasema.

"Mguu una sehemu nyingi, shemeji!" akapiga kelele Maimuna.

Mwalimu Sharifa, anayefundisha hesabu shule ya msingi, akainuka taratibu akasogea kwenye laptopu. "Mama Winfrida, wewe unasemaje?"

"Mwalimu, siku yetu inaanza saa kumi na mbili, ndipo inafuata saa moja. Hiyo mashine haijui kwetu kunapambazuka saa ngapi. Imeona kumi na mbili ni namba kubwa, ikaitupa mwisho pamoja na ya jioni. Ile ya kwanza itoe huko, iweke kabla ya moja."

"Basi tuiandike sifuri," akasema Mwalimu, akabonyeza mara moja, akarudisha mistari.

Kifuniko kikatoweka! Mstari ukaanzia kushoto juu, alama kumi na tisa, ukashuka polepole hadi alama sita saa tisa alasiri, ukapanda kidogo hadi tisa jioni. Mtoto angeweza kuusoma.

Mikono yote ikanyooshwa kwa alfajiri. Gervas akawahi kusema, "Nilikuwa nawapima tu uelewa."

"Tumekuelewa," akajibu Mzee Salehe. "Ila siku moja ya vipimo haitoshi, tunahitaji wiki nzima ndipo tupange. Na kwa kuwa umetuambia wote hapa kwamba utafiti ni wako, kamati inakukabidhi uumalize. Kuanzia kesho, saa kumi na mbili asubuhi, kila saa mpaka jioni. Ufito uko palepale."

Angekataa vipi? Jina lake lilikuwa bado linang'aa ukutani.

Kesho yake alfajiri ukungu ulikuwa haujaondoka mlimani nilipofika kijitoni na ndoo yangu. Mtaalamu amesimama majini, suruali imekunjwa juu ya magoti, koti limefungwa vifungo vyote, meno yanagongana kama mashine ya kusaga.

"Mama Winfrida," akasema kwa sauti ya upole ambayo sijaisikia tangu posa, "hivi huwezi kunipokea hata saa moja?"

Nikajaza ndoo, nikajitwisha kichwani.

"Ningekusaidia, baba," nikamwambia, "ila sina kiwango."