Moto Ndani ya Friza

"Watu wamekufa," Gavana alisema, akajibwaga kwenye benchi bila hata salamu. "Wamekufa njaa, na chakula kilikuwepo."

Benchi lote, pale mbele ya kinyozi, likamgeukia. Shangazi wa Buli, muuza kahawa, alishusha birika lake. Kompresa, fundi wa friji, alitoa kijiti cha meno mdomoni. Hata Upinzani, mtu ambaye tangu benchi hilo liwekwe hajawahi kukubaliana na yeyote, hata kuhusu jua kuwaka, alivua kofia.

"Masikini wa watu," Shangazi alisema. "Wapi huko?"

"Kijijini. Ghala limeharibika usiku. Nyama imeoza, nafaka imeoza. Mpishi kafa. Daktari karukwa na akili, anazunguka uchi."

"Mnaona sasa!" Upinzani alirusha kofia chini. "Mnaona! Kila siku nasema hapa, mnaniita mkorofi. Chakula kinaoza, watu wanakufa! Serikali iko wapi? Nauliza, serikali iko wapi?"

"Ni mimi," Gavana alisema kwa huzuni.

Upinzani aliinama, akaokota kofia, akaipangusa vumbi, akaivaa.

"Wewe ndiye nini?"

"Serikali. Mimi ndiye serikali pale."

"Ni lile gemu lake," Kompresa alisema, akarudisha kijiti mdomoni. Benchi likaangua kicheko hadi kinyozi akatoa kichwa dirishani, mashine ikinguruma mkononi na mteja ndani akilalamika kwamba ameachwa nusu.

Gavana hakucheka. Alikuwa fundi cherehani mwenye mashati ya shule yasiyo na mikono yakimsubiri dukani. Ila tangu anunue ile kompyuta mpakato ya mtumba, kazi yake halisi ilikuwa kuongoza kijiji cha watu waliopotea nyikani, akiwajengea nyumba, akiwalimia mashamba, akiwatunzia chakula wasife. Watu wenyewe walikuwa wadogo kama punje za mchele, lakini aliwajua kwa majina na magonjwa yao. Cheo alipewa na benchi, kwa kejeli. Yeye alikipokea kama kilivyo.

"Chekeni," alisema. "Nimekesha na wale watu."

"Na mkeo je, umekesha naye?" Shangazi aliuliza.

"Mama Pacha yuko kwenye mambo yake. Leo ndiyo siku ya oda yake. Kantini ya hospitali wanachukua samaki wote walio kwenye friza. Wakiwapenda, watakuwa wanachukua kila wiki. Katoka alfajiri kutafuta gari."

"Wewe kakuachia kazi gani?"

"Kulinda friza. Kasema kifuniko kisiguswe mpaka arudi. Kasema nikiharibu safari hii, nitafute pa kulala." Gavana alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Friza inawaka, samaki wamo, shida iko wapi? Jamani, tuzungumzie msiba."

"Tuzungumzie," Upinzani alisema. "Huyo daktari kichaa, ni njaa tu?"

"Hapana, huyo alianza mapema. Alikula bila meza, ikamuuma sana moyoni."

"Alikula bila meza."

"Eeh. Sikuwahi kumtengenezea meza. Ndivyo walivyo, wanaumia."

"Mimi nimekula magotini tangu niachishwe ziwa!" Upinzani alisimama. "Nina haki ya kukaa uchi barabarani, basi! Kompresa, nishikie shati."

"Kaa chini, hatutaki kuona," Shangazi alisema. "Gavana, mwanangu, hebu nieleze mimi nisiyejua. Hilo ghala halikuwa na baridi?"

"Nimeweka mashine ya baridi kubwa kuliko zote. Na nje theluji imefika magotini."

Kompresa aligeuka, polepole.

"Ngoja. Nje kuna theluji?"

"Tele."

"Na chakula kimeozea ndani."

"Ndiyo."

"Si ungekimwaga nje tu, kikaganda bure?"

"Kisha nionekane sijawajengea ghala?"

"Hiyo sasa ni serikali kamili," Upinzani alisema. "Hapo umefuzu."

Gavana alitoa simu, akaonyesha picha aliyopiga alfajiri kwenye kioo cha kompyuta. Vichwa vikagongana juu yake. Kilionekana chumba cha mraba chenye magunia, na ukutani kimashine chenye pande mbili, moja ya buluu, nyingine nyekundu.

"Hawa waliojipanga hapa ghalani wanafanya nini?" Kompresa aliuliza.

"Raia wangu. Siku za karibuni walipenda sana kukaa humo. Nikajua wanalinda chakula, nikawapandisha vyeo."

"Walikuwa wanaota moto, mjinga wewe! Umefunga mashine kinyume. Buluu iko nje, nyekundu iko ndani. Umekaa kupoza theluji, na huku ndani unachemsha nyama!"

Kicheko kilichotoka hapo kilimwaga kahawa ya watu. Kinyozi alitoka kabisa, na mteja wake akafuata na shuka shingoni, upande mmoja wa kichwa ukiwa na nywele.

"Yaani umewapa vyeo kwa kuota moto," Upinzani alisema, akifuta machozi. "Kuna ofisi nazijua, watu wake wamepanda hivyohivyo."

"Kosa dogo," Gavana alisema. "Mtu yeyote angekosea."

"Fundi gani angekosea hilo?" Kompresa alijipiga kifua.

"Wewe," Shangazi alisema.

Kompresa akajikuta ana kikohozi.

"Ghala la baridi la sokoni," Shangazi aliendelea, "lile lililokatwa utepe, wakubwa wakapiga picha, nyanya zetu zikaiva supu humo ndani. Nani aliyefunga mashine? Mwenyekiti wa soko akasimama, akasema nyanya zenyewe hazikuwa tayari kwa maendeleo."

"Shangazi, yale yalikuwa maelekezo kutoka juu. Walisema upande wenye nembo utazame wageni."

"Ukageuza."

"Nikageuza. Na ndiyo maana naijua hii." Kompresa alijiweka sawa, akavaa uso wa mwalimu. "Sikiliza, Gavana. Mashine ya baridi haitengenezi baridi. Inabeba joto, inalitoa ndani, inakwenda kulitupa nje. Ni mchukuzi tu. Sasa ukiliacha joto humohumo ndani, inabeba na kutua palepale, mpaka inachoka. Kwa hiyo mambo ni mawili tu: mlango ufungwe vizuri, na kitu chenye moto kisikae ndani. Basi. Mtoto mdogo anaelewa."

Gavana alikuwa ameinua kikombe. Kikasimama katikati ya safari.

"Kitu chenye moto kama nini?" aliuliza.

"Chochote. Jiko, taa, pasi."

"Na kama ni moto kidogo tu?"

"Kidogo vipi?"

"Labda... wa kitu kinachotoa upepo wa uvuguvugu. Kwa nyuma."

Kompresa alimtazama. Upinzani akaacha kufuta machozi.

"Gavana," Kompresa alisema, "ile kompyuta yako inayochemka hadi inajizima. Umeiacha wapi?"

"Mahali pa baridi."

"Wapi?"

Gavana alitazama ndani ya kikombe. Usiku kompyuta ilikuwa imejizima mara kwa mara kwa joto, na kila ikijizima raia wake walibaki bila kiongozi. Ndipo alipopata lile wazo lililomfurahisha kiasi cha kujipongeza mwenyewe jikoni. Alikuwa ameilaza juu ya samaki, imetandikiwa mfuko wa plastiki, ikiwaka. Waya wa chaji ulihitaji kupita, kwa hiyo kifuniko alikiegemeza kwenye gurudumu la uzi wa cherehani. Uwazi wenyewe ulikuwa mdogo, mkono tu ungepita.

"Nimeiweka kwa muda," alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka wafike asubuhi."

"Akina nani?"

"Raia."

Safari hii hakuna aliyecheka, na hicho ndicho kilichomtisha Gavana. Shangazi alichukua kikombe mkononi mwa Gavana, akakimwaga.

"Umemlilia mpishi wa kwenye kioo mpaka macho yamevimba," alisema. "Mpishi wa nyumbani kwako ulimuuliza lini kama kashiba?"

Gavana alisimama akimbie nyumbani. Hakukimbia popote, maana Mama Pacha alikuwa anakuja. Hakuwa na haraka. Kwapani alikuwa na kompyuta, na mkono wa pili ulibeba mfuko wa nguo ambao Gavana aliutambua kwa shati lake la sikukuu lililochungulia juu. Nyuma yake, kwa heshima na umbali wa kutosha, walifuata paka wa mtaa mzima.

"Baba Pacha, umeamkaje?"

Angefoka, Gavana angejua pa kuanzia. "Salama, mama watoto. Mimi nilikuwa ndiyo nakuja..."

"Mpishi mkuu wa kantini amekuja mwenyewe kuona mzigo. Nikamwambia fungua, baba, hapa hakuna cha kuficha. Akafungua kwa mkono wake." Mama Pacha aliweka kompyuta kwenye benchi, taratibu. Magamba ya samaki yalikuwa yamejaa kwenye vitufe, na bado ilikuwa inawaka. "Ameangalia sana. Kisha akaniuliza, mama, hawa samaki wako wanasoma?"

Kinyozi aliuma shuka la mteja wake. Mama Pacha hakumwangalia.

"Nimewabonyeza, kidole kimezama. Ameondoka. Hata gari la kukodi kaondoka nalo, akanunue kwingine." Aligeuka, akawatazama wale paka. "Nilimaliza msimu mzima nikiwakusanya wale samaki."

Gavana alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alifungua mdomo kusema samahani. Kabla neno halijatoka, kompyuta ikalia, tii, na jicho lake, jicho la laana, likakimbilia kwenye kioo kabla hajaliwahi.

Mama Pacha aliliona.

Akaweka mfuko wa nguo juu ya benchi, na juu yake akaweka lile gurudumu la uzi.

"Nasema hivi mbele ya hawa wenzako. Huyu akalale kijijini kwake, kwa raia zake, mpaka nipate samaki wengine. Kuna mwenye kupinga?"

Macho yote yakamwendea Upinzani. Upinzani alimtazama Mama Pacha, akamtazama Gavana, akavua kofia kwa mara ya pili asubuhi hiyo.

"Naunga mkono hoja," alisema.

Hapo benchi likatawanyika. Kinyozi alirudi kumalizia nusu ya kichwa iliyobaki. Kompresa alimfuata Mama Pacha akiomba kuitazama ile friza, akaambiwa asiiguse kabisa. Shangazi alibeba birika lake. Gavana alibaki na kompyuta mapajani, ikimchoma mapaja, na paka mmoja akapanda benchi akaanza kulamba vitufe.