Kiti cha Mbele Hadi Kajiado

Jumatatu, 1 Machi 2004

Nimepewa kiti cha mbele. Naandika mapema kabla mtu hajabadilisha.

Jumamosi tunaenda Kajiado kwa Simel, baba yake Ruth. Ruth ni mke wa kijana wangu Khaemba. Simel amekuwa mbali, Rombo, na ng'ombe sababu ya ukame, sasa amerudi, na mjukuu wetu Melvin alimwona mara moja tu, akiwa amefunikwa shali kama mkate. Sasa Melvin ni wa miaka miwili na anatembea. Mimi nimetoka Bungoma juzi kuja kwao hapa Kitengela, lakini mimi ndio mkubwa wa boma hili, kwa hivyo mimi ndio nitaongea.

Nimeshapanga. Gari itasimama mbele ya nyumba ya Simel. Mlango wa mbele utafunguka. Nitatoka polepole, koti jeusi, Melvin kwa mkono. Wamasai wote watajua mtoto ni wa nani.

Kuna shida moja. Kiti cha Melvin. Ruth ni nesi, na daktari mmoja aliyekuwa anarudi kwao ng'ambo alimwachia kiti cha mtoto cha gari. Kinafungwa kwa kiti cha nyuma na mkanda wa gari, halafu Melvin anafungwa ndani na mikanda mingine. Kama mbuzi wa sokoni. Ruth amesema mtoto hatapakatwa na mtu, na kila mtu atafunga mkanda, na asiyefunga atabaki. Hakuniambia mimi. Alimwambia Mama Khaemba, yaani Nelima wangu, aniambie. Kwetu mzee na mke wa mwanawe hawaongei uso kwa uso, hawagusani, hawakai kiti kimoja. Hiyo ni adabu.

Nilicheka sana. Mimi nimelala juu ya lori ya miwa ikiteremka mlima. Hakuna aliyenifunga.

Khaemba hakucheka. Alisema kama sitaki mkanda, mzee Maundu ataenda badala yangu. Maundu ni jirani, Mkamba, dereva mstaafu, mtu wa kujipendekeza. Tena anajuana na Simel tangu zamani. Gari iko na mikanda mitano na sisi tuko watano. Maundu akiingia, ninayetoka ni mimi.

Chai imenikataa.

Jumanne, 2 Machi 2004

Siku mbaya. Naandika nusu tu.

Khaemba aliacha gari nyumbani. Mama Khaemba alienda kwa mkutano wa kanisa. Nikasema mimi si mjinga, nitajifundisha mwenyewe. Nikaingia kiti cha mbele, nikavuta mkanda, nikaingiza ulimi wake kwa kile kifungio. Ikalia ta. Mara ya kwanza tu. Sikufundishwa na mtu.

Kutoka ndio ikakataa.

Nilivuta. Mkanda ukanishika zaidi. Nikaegemea mbele, ukanirudisha. Jua la Kitengela likapanda juu ya gari. Nilijaribu kupita chini, kofia ikaanguka nje. Nilifikiria kuita Maundu. Nikaona afadhali jua.

Mwishowe alikuja Ruth kutoka zamu, amemshika Melvin mkono. Akaona kofia chini. Akaniona. Sasa yeye kuinama juu yangu hawezi. Mimi kumwomba siwezi. Tukakaa hivyo, kila mtu akiangalia upande wake. Halafu akageuka, akanipa mgongo, akaanza kuongea na mtoto.

"Melvin, mwambie babu kuna kitufe chekundu."

"Babu, chekundu," Melvin akasema.

"Mwambie asivute. Abonyeze chini na kidole gumba."

"Babu, gumba."

Nikamwambia Melvin amwambie mama yake kwamba nilikuwa nakijua kitufe, nilikuwa napumzika tu. Ruth akamwambia Melvin amwambie babu pole kwa kazi. Nikabonyeza. Nikatoka. Shati lote limelowa.

Ruth hajamwambia mtu. Nelima angekuwa ameshanichekelea. Hiyo ndio inanitisha. Mtu akinyamaza ameweka akiba.

Jumatano, 3 Machi 2004

Akili imekuja wakati wa kunyoa ndevu. Kiti cha mtoto kikikosekana, mtoto lazima apakatwe. Na wa kumpakata ni nani? Aliye mbele.

Nilikitoa kwa gari nikakificha nyuma ya pipa la maji, nikafunika na gunia. Kazi safi. Nikarudi kukaa na redio.

Jioni Ruth alikosa kiti. Hakupiga kelele. Alimwambia Mama Khaemba: bila kiti Melvin haendi. Melvin asipoenda, yeye haendi. Yeye asipoenda, hakuna wa kutupeleka kwa baba yake. Safari imekufa.

Sikutarajia hiyo. Nikasema naenda choo. Nikakimbia kwa pipa. Gunia liko. Kiti hakuna.

Moyo ulipiga mpaka nikaushikilia na mkono. Kama ni wezi, nimemaliza safari mimi mwenyewe. Nilizunguka ploti nzima nikiangalia chini ya nguo za watu zilizoanikwa. Nikarudi nikakuta kelele za furaha. Maundu amesimama kwa gari, kiti kimo ndani. Alikuwa amekiona akichota maji, akakipangusa, akakileta. Tena alikuwa anakifunga huku wote wanamwangalia. Aliweka goti juu ya kiti, akavuta mkanda kwa nguvu, akakitikisa. Hakikucheza. Alisema kiti kikicheza, mtoto anacheza, na mtoto akicheza wakati breki inashikwa anaenda kwa kioo. Ruth alimshukuru kama askofu. Mama Khaemba alimpa chai na mandazi.

Alipopita karibu na mimi alisema polepole, "Mzee Wanyama, panya wa Kitengela wamekuwa wakubwa. Siku hizi wanabeba viti."

Nikamwambia hata Bungoma wako.

Alhamisi, 4 Machi 2004

Khaemba alinipa mtihani.

Kabla hajafika nilikuwa nimetengeneza kiti changu vile mtu mkubwa anakaa. Kuna chuma chini, unakivuta, kiti kinarudi nyuma. Miguu yangu ni mirefu, babu yetu alikuwa mtu wa mbio. Kuna kingine kando, unakivuta, kiti kinalala. Nililala nikaangalia paa la gari. Raha. Nikajiona nafika Kajiado bila kuchoka.

Mama Khaemba akaja na kuniuliza miguu ya mtoto itakuwa wapi. Nikageuka. Kiti changu kilikuwa kimelalia kiti cha Melvin kama ng'ombe juu ya ndama. Melvin hakuwa ndani. Nasema tena, hakuwa ndani.

Khaemba alikuja akakisimamisha chote. Akakileta mbele. Magoti yangu sasa yanagusa dashibodi, nimekaa kama karani wa chifu. Alisema mtu akilala na mkanda, gari ikisimama ghafla anateleza chini ya mkanda. Halafu akaniambia nifunge. Nikapitisha mkanda chini ya kwapa, kwa sababu juu unanikwaruza shingo. Akaniambia hapana, baba, juu ya bega, na wa chini ukae kwa nyonga si kwa tumbo. Nikafunga hivyo. Nikafungua pia, na gumba.

Nimepita. Maundu alikuwa anaangalia kutoka mlango wake. Amevaa shati la pasi. Siku ya Alhamisi. Anangoja nianguke.

Ijumaa, 5 Machi 2004

Nimepita mtihani lakini kidole gumba bado sikiamini.

Nawaza hivi. Tumefika kwa Simel. Watu wamejipanga. Mlango umefunguka. Na kidole gumba kimekataa, kama Jumanne. Nimekaa pale nimefungwa, Wamasai wananiangalia kwa dirisha, na mtu anamtuma Melvin kuniambia chekundu. Afadhali nirudi Bungoma kwa miguu.

Kwa hivyo nimepata njia. Nikifika kwa gari nitavuta mkanda, nitaupitisha juu ya bega vizuri kabisa, halafu ule ulimi sitauingiza. Nitaukalia. Koti juu. Nani atajua? Nimejaribu mara nyingi jioni hii, Mama Khaemba akipika. Hata mimi mwenyewe nikijiangalia naona nimefungwa.

Polisi wa barabarani pale Isinya hawataona. Ruth hataona. Maundu abaki na shati lake.

Jumamosi, 6 Machi 2004

Naandika kwa Simel. Jicho moja limefura, mistari itapanda na kushuka.

Tulitoka vizuri. Khaemba anaendesha, mimi kando yake, nyuma Mama Khaemba, Ruth katikati, na Melvin kwa kiti chake nyuma yangu. Khaemba akauliza wote mmefunga. Nikapigapiga kifua juu ya mkanda. Tukapita Isinya, polisi akachungulia, akatupungia mkono. Niliimba kidogo.

Mbele ya hapo ng'ombe waliingia barabarani. Si mmoja, ni kundi, kutoka upande ambao hakuna mtu huangalia. Khaemba akashika breki.

Mkanda wangu ulinikimbia. Nilikuwa nimeukalia, halafu sikuwa nimekalia kitu. Nilionana na kioo.

Halafu kimya. Ng'ombe wakaendelea kupita kana kwamba barabara ni yao. Nilisikia Mama Khaemba akimwita Mungu kwa Kibukusu. Nikataka kugeuka niangalie Melvin na shingo ikakataa, na sikumsikia. Mtoto huyo hulia hata akinyimwa kijiko. Sikusikia kitu. Sijawahi kungoja kilio cha mtoto namna hiyo.

Halafu akasema, "Ng'ombe wengi."

Alikuwa amekaa vile alivyofungwa. Hata kiatu hakikutoka.

Mlango wangu ukafunguka na alikuwa ni Ruth. Akanishika kichwa na mikono miwili. Mke wa mwanangu. Nikamwambia mama, adabu.

"Baba, usitikise kichwa. Niangalie," akasema. "Adabu tutaiomba msamaha nikimaliza kufunga."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniongelesha bila kupitia mtu. Akafunga paji la uso na kitambaa chake cha kichwa. Wakati anamaliza aliona mkanda umening'inia pale kwa mlango, mzima, haujakatika. Akaniangalia. Nikaangalia ng'ombe. Akauvuta, akanifunga mwenyewe, juu ya bega, chini kwa nyonga. Ikalia ta.

Wazee wa Bungoma wakisikia tumegusana watadai tusafishwe kimila sote wawili.

Tulifika. Mlango ulifunguka, na kidole gumba kilikataa vilevile nilivyosema. Khaemba alinifungua. Wakati huo Melvin alikuwa ameshashuka. Alienda mwenyewe kwa Simel, akainamisha kichwa aguswe, kama watoto wao wanavyosalimia. Simel akamwekea mkono, akakaa hivyo muda mrefu, na uso wake ukabadilika. Hakuna aliyeniangalia nikitoka.

Baadaye Simel aliuliza kichwa kimepatwa na nini. Nikasema ng'ombe. Hiyo si uongo. Sasa watu hapa wananiheshimu sana, wanafikiri nilipigana na fahali.

Jumapili, 7 Machi 2004

Bado Kajiado. Wengine wako kanisani. Tunarudi mchana. Nimeachwa nipumzike.

Nimefikiria hii ajali kwa akili yangu yote. Kosa lilikuwa kiti kusogezwa mbele. Kosa lingine ni kioo, kimewekwa karibu. Na kama wangenisikia tangu mwanzo nikampakata Melvin, kichwa changu hakingefika kwa kioo kabisa, kwa sababu Melvin angekuwa katikati.

Nimesoma huo mstari. Nimeufuta. Bado unaonekana.

Nilitoka nje nikamtafuta mtoto, nikakumbuka ameenda kanisani. Nikakaa kwa mlango mpaka wakarudi. Mama Khaemba aliuliza kwa nini uji uko vile alivyouacha. Nikasema umepoa.

Jumatatu, 8 Machi 2004

Tuko Kitengela. Salama. Kwa sababu yangu.

Jana wakati wa kuagana Simel alileta kibuyu cha maziwa lala, kikubwa, kimepambwa na shanga, kilichotengenezwa na mke wake. Akaniwekea mkononi mbele ya watu wote. Akasema wa kubeba hiki ni mzee mwenzangu. Nilijibu maneno mazito, siyakumbuki. Mama Khaemba alitaka kikae chini kwa miguu. Nikakataa. Zawadi ya mkwe haikanyagwi. Nikakipakata, na Khaemba akanifunga mkanda.

Lakini kibuyu hakina mpini. Kila Khaemba akigusa breki, maziwa yanacheza ndani na mimi natoka jasho. Nikaona shati jeupe, maziwa juu yake, habari ikimfikia Simel kwamba alimpa mtu asiyeweza kubeba. Kitambaa kilinibana kichwa. Sikuona ng'ombe hata mmoja lakini niliwangoja wote.

Tulipopita Isinya nikafanya kazi yangu chini ya koti. Gumba, kitufe, nikatoka. Nikakikalisha kibuyu kando yangu, mkanda ukapita nyuma ya mgongo wangu, ukakumbatia kibuyu, nikaufunga tena. Ta. Khaemba alisikia akadhani nakaza. Akasema asante, baba. Ruth nyuma alipumua kama mtu aliyetua mzigo. Akamwambia Mama Khaemba kwamba mzee sasa ameelewa, na sauti yake ilikuwa karibu kulia.

Melvin peke yake ndiye aliona. Kutoka pale kwa kiti chake anaona kila kitu.

"Babu, mkanda," akasema. Akasema tena. Akasema mpaka Mama Khaemba akadhani ni wimbo, akaanza kumpigia makofi. Nikamrushia biskuti.

Tumefika bila kumwaga hata tone. Leo asubuhi nimemwita Maundu, nikamwonyesha kibuyu, nikamwonjesha kidogo, nikamweleza kwa urefu namna ya kukifunga, juu kwa shingo na chini kwa nyonga. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza wewe ulikuwa umefungwa na nini.

Huyo mtu hana akili. Kwani mimi nitamwagika?