Firigisi Tatu za Donatus

Jumamosi, 6 Agosti 1994

Shajara hii nimepewa leo dukani kwa Rushabh, muuza vifaa vya ujenzi. Mwezi wa nane! Bila shaka ni masalio. Donatus alipewa yake tangu mwezi wa kwanza, na ina utepe mwekundu wa kuwekea alama. Yangu haina. Misumari tunanunua sawa.

Donatus ni jirani yangu hapa mtaa wa Kambarage. Miaka ishirini na mbili tuliandika mizigo meza moja stesheni ya reli, tukastaafu siku moja. Jana karudi kutoka Buseresere. Anasema mwanawe Januari, mnunuzi wa dhahabu, amemtembeza siku tatu, wanakula na kutazama mji, baba na mwana. Kavaa kofia ya pama. Anasema kanunuliwa na Januari. Halafu akataja, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwamba kwa mama mmoja wa chakula alitengewa firigisi tatu kwenye sahani moja.

Tatu! Firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Kuku mmoja, firigisi moja, baba mmoja. Sasa huyu wa kuwekewa tatu ni nani?

Nimeshindwa hata kujinyoosha baada ya chakula.

Jumatatu, 8 Agosti

Binti yangu Scolastika, muuguzi huko Mwanza, kaja likizo. Mpango wangu: kujifanya mnyonge ili anionee huruma, anitembeze. Nikakohoa. Nikasema watoto wa wenzetu wanatembeza wazazi wao. Nikakohoa tena. Akaninywesha dawa ya kikohozi vijiko viwili, chungu ajabu.

Ndipo akasema huu ni mwaka wa tatu ananiomba tusafiri, nami kila mara nasingizia tumbo. Mimi hilo silikumbuki. Mama Scola analikumbuka, pamoja na tarehe.

Tunaondoka kesho. Mama Scola haendi. Anasema anataka kupumzika. Sikuuliza kupumzika kutokana na nini.

Jumanne, 9 Agosti. Kahama

Scola alinipa kiti cha dirishani. Kanionyesha majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, kanisimulia habari za wodini kwake. Alitaka kuniambia jambo fulani kuhusu kazi, lakini nilikuwa nakagua kofia za abiria. Pama hakuna.

Mchana tulikula wali wa Kahama kwa kuku. Wali kweli wali. Ila firigisi haimo! Nikauliza. Ameila dereva wetu! Nilimtazama vibaya mpaka akaniamkia shikamoo mara ya pili.

Jumatano, 10 Agosti. Buseresere

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Nilimpata mama mwenyewe wa zile firigisi. Anaitwa Mama Adam, ana meza nne na sufuria tatu karibu na mabasi yanaposimama. Scola akiwa ameenda kutafuta gesti, nikajitambulisha kuwa mimi ni bwana mifugo kutoka mkoani, upande wa kuku. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: mtu wa serikali, tena wa kuku, atakosaje firigisi?

Habari zilienea. Kufika saa saba wamama tisa wamepanga foleni na kuku wanaosinzia, wanataka niwatibu mdondo. Nikawafungua midomo kuku mmoja mmoja na kutikisa kichwa. Jogoo mmoja alinichafulia suruali ya safari. Naye Mama Adam, kwa kuogopa nitamfungia biashara, akaficha kuku wake wote akanitengea dagaa.

Scola alinikuta nimeshika bata. Aliwaomba radhi wale wamama, akawaeleza jinsi ya kuwatenga kuku wagonjwa, wakamsikiliza vizuri kuliko walivyonisikiliza mimi. Kisha akaketi mbele yangu. Hakula.

"Baba," alisema, "umekuja na mimi, au umekuja na mzee Donatus?"

Nikainamia sahani yangu. Dagaa walizidi chumvi.

Alhamisi, 11 Agosti. Chato

Tumekwenda kuona ziwa. Safari hii kiti cha dirishani alikaa yeye.

Tulikula sato ufukweni. Scola aliniwekea kichwa bila kuombwa. Akanikumbusha alipokuwa mdogo, nilivyombeba mabegani pale stesheni aone treni ya Mwanza ikiingia. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikamuuliza lile jambo la kazi. Kumbe amepandishwa cheo, na alitaka mimi niwe wa kwanza kujua! Alikuwa ananiambia tangu Kahama.

Naandika hapa isije ikapotea: nilifurahi. Karibu saa nzima sikumkumbuka Donatus.

Ijumaa, 12 Agosti. Buseresere tena

Nilikwenda kumwomba radhi Mama Adam. Alicheka mpaka akashika meza. Basi nikamuuliza, kwa ajili ya kumbukumbu tu, habari za mzee mmoja wa kofia ya pama.

Akaacha kucheka. Anasema Januari alimshusha babake hapo mezani asubuhi, akamwambia anakuja sasa hivi, akaenda zake kwenye maduara ya dhahabu, yale mashimo ya wachimbaji. Siku hiyo hakurudi. Ya pili hakurudi. Mzee alikaa kiti kile kile siku tatu akiagiza sahani mbili, yake na ya mwanawe, na kila aliyepita alimwambia kijana wake yuko njiani. Kofia alijinunulia mwenyewe kwa muuza mitumba wa hapo jirani. Siku ya tatu Mama Adam akachota firigisi za sufuria zote.

"Nilimwekea zote," alisema. "Ningempa nini kingine?"

Nilitaka kufurahi. Kitu kama hiki nimekisubiri miaka ishirini na mbili. Furaha haikuja.

Jumapili, 14 Agosti. Nyumbani

Donatus alikuja kunipa pole ya safari. Akauliza kama Scola alikaa nami muda wote. Nikasema hapana, alikuwa na shughuli zake, muda mwingi nilikaa peke yangu. Akasema vijana wa siku hizi wana kazi nyingi. Nikasema nyingi mno. Akauliza habari za firigisi. Nikasema sikupata hata moja. Hilo ni kweli tupu.

Alipoondoka nikamwomba Scola, kwa kuwa likizo yake haijaisha, amtembeze mzee Donatus pia, njia ile ile. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mama Scola naye kaniongezea mchuzi.

Nimebadilika. Mimi ni mtu mwingine kabisa. Nimejitazama kwenye kioo na nadhani inaonekana hata usoni.

Jumatano, 17 Agosti

Wameondoka asubuhi. Scola kamwahidi kiti cha dirishani. Cha dirishani! Kamfungia chapati kwenye kitambaa safi, mimi nilifungiwa kwenye gazeti. Na kamwita Baba. Najua wazee wote wa rika letu anawaita Baba. Lakini kuna namna ya kuita.

Mama Scola aliona nimenuna, akachinja kuku. Kaniwekea firigisi, peke yake, kwenye kisahani. Nimeila bila kuisikia ladha, maana nilikuwa napiga hesabu. Kesho mchana Donatus atakuwa mezani kwa Mama Adam. Sufuria tatu, na pengine sasa kaongeza ya nne! Na keshokutwa ziwani, kichwa cha sato atawekewa nani?

Kesho napanda basi la saa kumi na mbili asubuhi. Nitasema nampelekea Donatus kofia yake aliyoisahau. Aliisahau barazani kwangu. Yaani, aliivua akaiweka kitini alipokuwa akiaga, nami nikaikalia mpaka walipoondoka.

Imebonyea kidogo. Lakini nimeijaribu, na inanikaa vizuri kuliko inavyomkaa yeye.