Hakimu wa Saladi Zisizo na Udongo

Jumatatu, 7 Oktoba

Kikao cha wakazi wa jengo kimeisha vibaya kwa wote isipokuwa mimi. Paa litapandwa mboga za maji, zisizotaka udongo, ila nafasi ni ya mtindo mmoja tu. Wifi Pao-chu, dada mkubwa wa mume wangu, anataka mabomba: maji yanapita kidogo kidogo ndani, mizizi inalamba. Mzee Ko wa ghorofa ya pili, mfamasia mstaafu, anataka beseni: saladi zinaelea kwenye ubao wa povu jeupe, mizizi inaning'inia majini, kimashine kinapuliza hewa. Wamebishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe: vyote vijaribiwe kwenye roshani yangu mpaka tarehe 3 Novemba, niwe hakimu.

Kwa nini mimi? Wifi alieleza mbele ya kadamnasi. Eti sijui lolote, kwa hiyo sitapendelea.

Miaka thelathini na moja nimeolewa kwao. Kwa Wifi wali wangu mbichi, pasi yangu ina mikunjo, na sasa hili. Mshindi atashika ufunguo wa paa. Nimeamua nitaushika mimi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sikukuu ya taifa. Wifi na Mzee Ko wamefunga mitambo yao. Roshani imejaa, nguo sina pa kuanika.

Hakimu hawezi kushindana, hilo naelewa. Lakini mume wa hakimu je? Nimemwandikisha Ting-kuo kwa mtindo wa tatu: ndoo yenye maji chini, miche juu, na tambi za pamba zinazovuta maji kama utambi wa taa unavyovuta mafuta. Hautaki umeme wala mashine. Nimeuchagua kwa kuwa si wa Wifi. Ting-kuo sijamwambia. Alikuwa anakula wali wa bata mzinga na kutazama gwaride.

Miche kumi na miwili kila upande. Yote imelingana kama mapacha.

Jumapili, 13 Oktoba

Ijumaa Mzee Ko aliniletea kipimo cha mbolea ya maji. Unakichovya, kinatoa namba. Alieleza kirefu. Niliitikia kwa kichwa sehemu zote zinazofaa. Nilichoshika: namba kubwa, chakula kingi. Ndoo yetu ilikuwa na namba ndogo, nikaongeza vifuniko viwili vya mbolea. Ikapanda vizuri sana.

Jua kali. Kwenye mabomba ya Wifi namba ilikuwa inapanda yenyewe kila siku, na maji yanapungua. Kumbe anakuja kuongeza mbolea kwa siri? Mwanamke huyu. Nami nimemkomoa. Nimejaza tangi linalolisha mabomba yake maji matupu mpaka juu, namba ikashuka. Nitafanya hivyo kila asubuhi. Wenye njaa watajulikana.

Jumatano, 16 Oktoba

Majirani wanapanda kuja kuona mizizi ya Mzee Ko. Beseni lake linapitisha mwanga, na mizizi ni myeupe kama tambi za mchele. Mama wa ghorofa ya nne alisema ukiitazama moyo unatulia. Hatari hii. Watu watanihukumia kwa macho.

Nimechukua karatasi ya kung'aa, ile Ting-kuo anayozuilia jua kwenye kioo cha gari, nikalizungushia beseni lote. Mzee Ko akiuliza nitasema ni ya kuzuia vumbi. Sasa hakuna wa kutulizwa moyo.

Ting-kuo amezunguka nyumba nzima akitafuta karatasi yake. Nilimsaidia kutafuta.

Jumanne, 22 Oktoba

Sielewi. Saladi za Wifi, zinazokunywa maji matupu, zimenenepa. Za Mzee Ko, nilizozifunika kama maiti, zinasukumana ubaoni. Zetu zimekauka kingo, rangi ya kahawia, kama karatasi iliyopitishwa motoni.

Ni njaa hiyo. Nimeongeza vifuniko vitatu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Tambi zimeota chumvi nyeupe. Kipimo hakitoi namba tena, kinaandika herufi moja tu. Labda ndiyo alama ya juu kabisa.

Miche saba imekufa. Nimeongeza mbolea, nikaiombea iliyobaki. Wifi alipita, akatazama ndoo, akatazama mabomba yake, akanitazama mimi. Akaenda zake. Sijalala mchana kwa kuwaza.

Jumapili, 3 Novemba

Siku ya hukumu. Wakazi wote wamekuja; roshani imejaa, wengine wamebaki ngazini. Ndoo imebakiza mche mmoja, nao umeegemea. Walimwuliza Ting-kuo ameitunzaje. Akasema alidhani ni ndoo ya kupigia deki.

Kisha Mzee Ko akainama kwenye mabomba, akachovya kipimo chake, akainuka taratibu. Akauliza nani alikuwa anaongeza maji matupu. Nikasema ni mimi. Akawageukia watu, akawaeleza kwamba kwenye jua maji hupotea hewani lakini mbolea hubaki, hivyo kila siku inazidi ukali mpaka inaunguza mizizi. Dawa ni maji matupu. Akasema wengi hushindwa hapo, hata yeye mwaka wa kwanza alishindwa. Akaigusa karatasi ya kung'aa. Hiyo nayo, akaeleza, huzuia mwanga, maji hayaoti ukijani wala hayashiki joto. Akasema, "Mimi mwenyewe nilisahau. Huyu mama ameniokolea beseni."

Basi ndoo niliiunguza mimi. Niliwaharibia wao wakapona, nikailea yangu ikafa. Nimelipitia jambo hili mara nne, bado halikai kichwani.

Wifi alinifuata jikoni, nikasuuza bakuli lililokuwa safi. Akasimama karibu. Akasema, "Wifi, nilikuwa nakuona huna mkono wa kulea kitu. Nilikukosea. Nisamehe."

Miaka thelathini na moja nilikuwa nayangoja maneno hayo, na yamekuja mahali pasipo pake. Nikamwambia kweli: nilitaka kuziua saladi zako. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema unyenyekevu unanipendeza, ila nisizidishe. Nikamwapia. Akazidi kucheka, akanifuta machozi kwa kitambaa cha vyombo.

Wameamua mitindo yote miwili ipande juu, nusu kwa nusu, na ufunguo nishike mimi. Pamoja nao, kazi ya kujaza maji kila asubuhi. Ghorofa sita, lifti haifiki paani.

Jumanne, 5 Novemba

Magoti yanauma. Nimeketi nikafikiri kwa makini yaliyotokea, maana mtu asipojifunza atarudia yale yale. Nimefika mwisho wa fikra zangu: nina kipaji. Mimea inanisikiliza hata nikiitendea ubaya. Ndoo ilikufa kwa sababu iliandikishwa kwa jina la Ting-kuo.

Mchana alikuja mjumbe wa jengo la jirani. Habari zimewafikia. Wanashindanisha maua ya okidi mwezi ujao, na wanaomba hakimu asiyependelea. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.

Maua yenyewe sijayaona. Mshindi nimeshamchagua.