Biskuti za Meneja

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Wenzangu wamepumzika, mimi nimehukumiwa. Mbwa wangu Meneja amekula mayai ya kuku aliyekuwa anaatamia. Yote! Kabula, mke wangu, hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema taratibu kwamba mama yake anakuja Jumapili kutoka Ipililo. Meneja akidokoa kitu mbele ya mgeni, atachukuliwa na shemeji yangu Salu, akaishi Sola na ng'ombe.

Sola! Nilipougua malaria mwezi wa tatu, nani alilala mlangoni kwangu mpaka nikapona? Nampenda mbwa huyu. Sijamwambia mtu kiasi gani.

Jirani yetu Luhaga alisikia yote kupitia ua wa minyaa. Akashauri fimbo. Mbwa wake yeye hukaa chini kwa mluzi tu. Mtu ana mluzi mmoja, anatamba nao mtaa mzima!

Jumanne, 8 Julai

Nimeona kwenye simu. Wataalamu hawapigi. Mbwa akitii, anapewa kitafunwa papo hapo na kusifiwa. Nikaenda Bariadi mjini kuulizia biskuti za mbwa. Muuza duka akaniuliza kama ile malaria ilipona kweli.

Basi nikajipikia mwenyewe. Nilitwanga matobolwa, viazi vyetu vitamu vya kuchemsha na kuanika, mpaka yakawa unga. Nikatia dagaa wa Kiloleli waliopondwa, karanga, na yai nililoomba kwa Luhaga. Nilimwambia ni la dawa. Nikakata vipande vidogo, nikavioka juu ya bati. Bati la kwanza likaungua, vikawa vigumu kama vigae. La pili, weee! Nilionja kimoja kwa usalama wa mbwa. Kisha kingine kwa uhakika. Vilivyobaki ni vya Meneja.

Dagaa ni wa Kabula. Nilichukua kikombe kimoja. Viwili. Hawezi kujua.

Jumatano, 9 Julai

Somo la kwanza. Nikasema kaa. Meneja akakaa! Nikasema safi, nikampa biskuti. Akakaa tena bila kuambiwa. Kichwa cha mbwa huyu ni cha chuo kikuu.

Somo la pili lilikuwa kuacha alichodokoa. Alibeba ndala ya Kabula. Nikamwambia acha, akaiacha miguuni pangu. Safi! Biskuti! Akaondoka mbio. Akarudi na mwiko. Biskuti. Akarudi na sabuni ya Luhaga, kisha na soksi ya Luhaga. Kufika mchana amenifungulia duka, yeye analeta bidhaa na mimi nalipa.

Nimerusha vitu vya Luhaga juu ya minyaa. Soksi imenasa kwenye tawi. Nimejifanya siioni.

Alhamisi, 10 Julai

Kabula amegundua dagaa wamepungua. Akamgeukia Meneja moja kwa moja. Meneja akanitazama. Mimi nikatazama paa.

Roho iliniuma, nakiri. Lakini nikikiri kwa Kabula, naye atauliza dagaa wa nini, na mpango wote utaharibika. Meneja atanielewa. Nimempa biskuti mbili za pole, nami nikala moja ya majuto.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeoka bati la mwisho. Dagaa sasa wananing'inia darini, kwa hiyo nilipanda kigoda juu ya ndoo. Nilishuka haraka kuliko nilivyopanda. Kiuno kinauma, ila dagaa sikuwaachia.

Shida ni mahali pa kuficha biskuti. Meneja anafungua sufuria, anafungua kapu, mfuko ndio kabisa. Kitu kimoja tu kimemshinda: ile hotpoti ya wageni, yenye kifuniko cha kuzungusha. Nimezijaza humo. Nimelala na furaha.

Jumapili, 13 Julai

Mama mkwe alifika asubuhi. Mwangaluka, mwangaluka, tukaamkiana Kisukuma, kisha nikajiondoa kwa adabu hadi nyuma ya kihenge cha mtama. Kwetu mkwilima, yaani mkwe wa kiume, hasogei anapokula mama mkwe, wala hamwanzi kwa maneno. Nilichungulia tu.

Nikaona Kabula anaweka hotpoti kwenye mkeka, bila shaka akidhani biskuti zile ni za mgeni. Akaingia jikoni. Mama mkwe akafungua.

Nifanye nini? Nimwambie mama aliyenizalia mke kwamba anakula chakula cha mbwa? Na mdomo wenyewe siruhusiwi kuufungua! Kwenda jikoni ni kupita mbele yake anatafuna. Luhaga alikuwa amekaa pale, amefuata harufu ya kuku. Yeye si mkwe, angeweza kumwonya. Lakini afadhali nife kuliko kumwomba Luhaga. Naye akachota biskuti nne, akasifu upishi. Hapo nikaona kunyamaza ndiyo heshima.

Kisha Meneja akatokea. Nikakumbatia kihenge. Akaenda mpaka mbele ya mama mkwe, akakaa wima, masikio juu. Mama akashangaa. Alisema hajawahi kuona mbwa anayeamkia wakwe. Akamtupia kipande.

Meneja akaondoka mbio. Mungu wangu! Akarudi na kiatu cha mama mkwe, akakiweka miguuni pake, akakaa. Mama akacheka hadi akafuta machozi kwa kitenge. Akampa biskuti. Akaletewa cha pili. Halafu kofia ya Luhaga, kutoka kichwani kwa Luhaga!

Mama mkwe, ambaye kumbe alishasimuliwa habari za Sola, akamwita Kabula, akasema mbwa mwenye adabu hivi haendi Sola yeye akiwa hai. Akauliza pia ni nani alioka vile vitafunwa. Kabula akasema labda ni mumewe. Mama akasema kwa sauti, kihenge chote kisikie, kwamba amepata mkwilima.

Nililia kidogo. Vumbi la mtama.

Jumatatu, 14 Julai

Kabula amefua shati langu. Mfukoni ametoa vichwa vya dagaa, makombo ya matobolwa na manyoya ya Meneja. Akavipanga mbele yangu. Nikaeleza yote. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwita Meneja, akamwomba radhi, akampa yai zima.

Halafu akataka kujua mafunzo yenyewe. Nilifurahi sana kumfundisha! Nikamwambia siri ni kutoa papo hapo, kipande kidogo, na neno moja lile lile. Aliuliza maswali mazuri. Kama inamfaa hata aliyekwisha kuzeeka na tabia zake. Nikamhakikishia inamfaa, mradi awe anapenda kula.

Jumatano, 16 Julai

Kabula amebadilika. Bila shaka ni majuto, kwa jinsi alivyomsingizia Meneja. Jana nilileta ndoo ya maji, akasema safi, akanitia biskuti mkononi. Kumbe ameoka zake, na zina karanga nyingi kuliko zangu! Nikapasua kuni. Safi! Nyingine. Leo nimekwenda kisimani kabla hajaniambia, nikasimama jikoni nikisubiri. Akanipa mbili.

Mke mwenyewe hajashtuka kabisa. Nimeshajua udhaifu wake, na nitautumia. Kesho nitaamka mapema nifagie uwanja wote, nioshe na masufuria. Kwa ujanja huu, kufikia Jumamosi nitakuwa nimemaliza hotpoti nzima.